Naomba ushauri: Mungu aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, mbona Farao ahukumiwe?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi nimelelewa Presbiteri, mume wangu ni Mmethodisti, na binti yetu yuko darasa la kipaimara. Juzi alisoma Kutoka 9:12, kwamba Bwana aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, akauliza: sasa kosa la Farao liko wapi?

Baba yake alimrudisha 8:32, ambapo Farao mwenyewe ndiye anayeufanya moyo wake mgumu. Kwake hilo linatosha: mtu huanza kukataa, Mungu humwacha katika kukataa kwake. Mimi siridhiki, maana katika 4:21 Mungu anasema atafanya hivyo hata kabla Musa hajafika Misri. Na Paulo kwenye Warumi 9 analitaja swali lile lile la binti yangu, kisha anamuuliza binadamu yeye ni nani hata ashindane na Mungu.

Historia naijua. Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, 1618–1619, ilishika kwamba Mungu mwenyewe ndiye huchagua watakaookolewa, ikawakataa wafuasi wa Arminius, waliosema mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema. Baadaye John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akasimama upande wa Arminius. Lakini mtoto hataki historia. Anaogopa kwamba huenda na yeye hakuchaguliwa, na usiku namsikia akiomba huku analia.

Mliofundisha kipaimara, au wenye watoto wa rika hili, mlijibu vipi? Naomba maneno ambayo mtoto wa miaka 14 atayashika. Na je, ni sawa baba aseme lake na mama lake, au tukubaliane kwanza?