Goti la kulia limefanyiwa upasuaji wa ACL, wiki ya 7: naanzaje kuendesha baiskeli, Phoenix ya 28?

SpokiLegevu
Wakuu salaam. Goti la kulia limeungwa ACL mpya (ile kano ya katikati ya goti) kwa kano la nyuma ya paja, na kipande cha meniskasi (gegedu la ndani ya goti) kikakatwa. Linakunjika nyuzi 100 hivi, jioni linajaa kidogo. Daktari karuhusu baiskeli, hakusema vipi. Ninayo Phoenix ya 28, haina gia, frihwili (sahani ndogo ya mnyororo kule nyuma) meno 18. Kazini ni kilomita 6, njia tambarare.

FizioWaKanda
Pole mkuu. Kwa nyuzi 100 barabarani bado. Pedeli kumaliza duara zima inataka kama 105 hadi 110. Ukilazimisha, nyonga ya kulia inanyanyuka kila pedeli inapofika juu. Mtu akisimama nyuma yako ataiona.

Tumia stendi. Ile ya miguu miwili inainua tairi la nyuma, kwa hiyo baiskeli inageuka ya mazoezi. Ifunge stendi kwa kamba isijikunje, funga na gurudumu la mbele, shika nondo za dirisha. Peleka pedeli mbele hadi goti likaze, irudishe nyuma, dakika 5 asubuhi na 5 jioni. Duara la kwanza lipatie kwa kurudi nyuma, huwa jepesi kuliko la mbele.

Zungushia goti futi ya fundi cherehani katikati ya kilegesambwa (pia ya goti), kabla na baada. Likiongezeka zaidi ya sentimita 1 na kesho yake halijashuka, punguza muda nusu. Wengine mnaosoma: kama meniskasi ilishonwa badala ya kukatwa, msifuate huu uzi. Ya kushonwa mara nyingi hairuhusiwi kupita nyuzi 90 kwa wiki 4 hadi 6.

FundiKranki
Siti kwanza. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: goti linyooke bila kiuno kuyumba. Ukihamia kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Frihwili badilisha, weka meno 22 na uongeze pingili mbili za mnyororo. Kwa sahani ya mbele ya meno 44 mzigo unapungua asilimia 18. Ukipata kranki (mikono ya pedeli) fupi, mfano milimita 155 badala ya 170, pandisha siti milimita 15 hizo hizo. Pedeli ikiwa juu, mguu utakuwa umepata nafasi milimita 30, na hapo ndipo goti lako linapobanwa.

Halafu tazama kotapini, zile pini zenye nati zinazobana mikono ya pedeli kwenye ekseli. Hilo mafundi wengi hawalijali.

Mlalo
Mnasema pandisha siti, sawa, lakini atashukaje? Kwa siti hiyo mguu haufiki chini. Hatari ya goti bichi ni kupanda na kushuka, kupiga pedeli ni nafuu.

Kudandia kwa kuruka-ruka, mguu wa kushoto kwenye pedeli, ACHA. Anayeruka hapo ni mguu wa kulia. Simama kwa kushoto, ilaze baiskeli kuelekea kwako, pitisha wa kulia juu ya siti, ndipo uinyooshe. Kusimama, telemka mbele ya siti na utue kwa kushoto. Barabara zetu ni upande huo huo, umebahatika. Shida ni kuondoka: kushoto kukiwa chini, pedeli ya kwanza inaangukia kulia. Sukuma ardhi kwa mguu wa kushoto mara mbili tatu, baiskeli ikishatembea upandishe, nao ndio ukanyage kwanza. Baiskeli ya kike ingekurahisishia yote haya.

SpokiLegevu
Shukrani. Na likiuma?

FizioWaKanda
Mbele ya goti: siti iko chini au imesogea mbele mno. Nyuma ya goti: iko juu mno. Rekebisha nusu sentimita, jaribu siku mbili, usiguse vitu viwili kwa mpigo. Ila ndama ikivimba, ikawa na joto na kuuma ukiigusa, acha siti, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa damu imeganda.

SpokiLegevu
@FundiKranki nimetazama kotapini. Mkono mmoja juu mwingine chini, nati zote mbili zinatazama mbele.

FundiKranki
Basi mikono haiko kwenye mstari mmoja, pedeli moja inaitangulia nyingine na kila duara lina mkwaruo. Toa ya kushoto, igeuze nati itazame nyuma. Weka kipande cha mbao usipige uzi wake kwa nyundo, na ukishaendesha kidogo kaza nati tena.