MJADALA: MAME ibaki nzito na sahihi, au ipunguzwe ili laptopu zetu ziiweze?

Mleta mada
Wadau assalaam alaykum. MAME, ile emuleta (programu ya kompyuta inayoiga mashine nyengine) ya chanzo huria ya gemu za mashine za sarafu, aloianzisha Mtaliana Nicola Salmoria mwaka 1997, wanaoitengeneza wameshika msimamo kwamba usahihi kwanza, kasi baadae. Yani gemu iende vile vile ilivyokwenda kwenye bodi yake, yani saketi ya ile mashine, hata kama kompyuta italemewa. Huku kwetu wengi tuna laptopu za mtumba, na malalamiko toka Darajani mpaka Chake ni hayo hayo: toleo jipya zito, halafu faili za gemu zilizokuwa zikifunguka mwaka jana leo zinakataa, uzitafute upya kwa bando lako. Wapo wanaotaka MAME nyepesi ndo iwe rasmi, hii ya usahihi waachiwe wenyewe. Mie nnapinga kabisa.

Zile bodi zinakufa jamani. Chukueni CPS-2, bodi ya gemu ya kampuni ya Capcom, ufunguo wa kufumbulia programu ya gemu umekaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri, betri ikiisha ufunguo umepotea, unaiwasha bodi na gemu haiji tena. Mpaka mwaka 2007 ndo Andreas Naive na Salmoria walipoufumbua ule mfumo wote. Na hewa yetu ya pwani ndo usiseme, fungua kifaa chochote cha zamani utaikuta ile kutu ya kijani imepanda kwenye shaba pembeni ya betri, unasugua taratibu kwa mswaki na spiriti na njia ya umeme inabanduka nayo. Siku ikifa bodi ya mwisho, kitakachobaki kueleza ilifanya kazi vipi ni ile misimbo ya MAME. Ukiikata kata ili iende mbio, wajukuu watasoma kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Mchangiaji, Wete
Yakhe hayo ya kuhifadhi ni ya makumbusho, sie tunataka kucheza. Street Fighter II ya 1991 prosesa yake ni 68000 ya megahezi 10, simu yangu hii inaizidi mara chungu nzima, sasa uzito unatoka wapi kama si watu kupenda makuu? Emuleta isiyochezeka kwa mtu wa kawaida ni ya nani?

Mchangiaji, Kwahani
Mie kinachonikera si uzito, leseni. Zamani MAME ilikataza biashara, mwaka 2016 wakaifungua, ikawa GPL, ile leseni ya programu huria, sasa mtu anaweza kuitia kwenye kiboksi akauza na waliokesha miaka hawapati hata shilingi. Mnakumbuka emuleta nyengine, FB Alpha, 2019? Mmoja wa waloitengeneza akatoa ruhusa ikatumika kwenye Capcom Home Arcade, kifaa cha gemu cha kuuzwa, wenzake wakasema hawakushauriwa, wakatoka wakaanzisha yao, FBNeo. Nnaogopa na huku tusifike huko.

Mleta mada
Ndugu yangu wa Kwahani, hofu yako ina msingi, ila kilichowagawa kule ni kwamba leseni ilikataza biashara halafu mtu akaruhusu bila ya wenzake. GPL haizuii kuuza, lakini anaeuza inamlazimu awape wanunuzi misimbo pamoja na alichokibadilisha. Na gemu zenyewe bado ni mali ya makampuni, leseni ya emuleta haimpi mtu haki ya kuziuza.

Wa Wete sasa. Prosesa ya 68000 haiko peke yake sheikh wangu, pembeni ipo Z80 ya sauti na chipu za picha, na zote lazima ziende kwa kusubiriana, moja ikitangulia kidogo tu mlio unakuja kabla ya ngumi. Tena hizo za picha bapa kompyuta nyingi zinaziweza, zinazotutesa hasa ni za 3D za mwisho wa miaka ya tisini. Na nyepesi unayoitaka ipo tayari! Ipo mame2003-plus, inakwenda ndani ya RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi pamoja, msingi wake ni toleo 0.78 la 2003, mashine nyonge inaiweza. Ila inataka seti ya faili za gemu iliyopangwa kwa ajili yake, watu wanachanganya seti mpya na emuleta ya zamani kisha wanasema imeharibika. Na faili zinabadilishwa kwa sababu chipu ilosomwa vibaya miaka ile imesomwa tena vizuri, au imepatikana ilokuwa haipo. Kero naijua, bando nnanunua na mie, lakini kusahihisha kosa si kuonea watu.

Nnachokukatalia ni kwamba nyepesi ichukue nafasi ya hii nyengine, wakati zote mbili zinaishi pamoja bila ya kudhuriana. Kwa hiyo nijibu hili moja: ukipewa weye mkasi, unakata chipu gani, na nani atakaeirejesha wakati bodi hazipo tena?