Yoga inaweza kupunguza kilo za kijana?

MamaUmoja: Jameni, msichana wangu wa 15 ameongeza kilo na ana stresi mob, hata nje hatoki, beshte yake anamshow yoga, inasaidia ama ni kupoteza doo?

Kasa_Ngumu: Mathe, yoga ya polepole haichomi kalori kama kukimbia. WHO, shirika la afya duniani, inasema miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, so ongeza kuruka kamba ama matembezi Arboretum, ile park ya miti Nairobi.

Njoro_wa_Mtaa: Kwa stresi iko poa, kupumua polepole kunatuliza. Doo ya nini, leso kwa floor inatosha. Lakini usimtajie kilo, wengine wa hiyo age huanza kuruka chakula.

MamaUmoja: Na akizidi kujifungia?

Kasa_Ngumu: Hapo ni kaunsela ama daktari, usingoje.