Mrejesho: PDK yenye transista za volti kubwa

Wakuu, niliwauliza: mwanafunzi apate wapi PDK (faili za kiwanda za kusanifia chipu) yenye transista za volti kubwa, kwa ajili ya chipu ya kuendesha kihisi cha ultrasaundi.

Kiwanda cha chipu nilichokiandikia kilitaka mkataba wa usiri wenye saini ya chuo, na wanasheria wetu bado wanausoma. Nikahamia SKY130, PDK ya kiwanda cha SkyWater, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2020 kwa kushirikiana na Google. Humo zimo transista za volti 16 na 20 kwenye dreni (mguu unaopokea volti kubwa)! Ile ya 16 imeandikwa nfet_g5v0d16v0: geti (mguu wa kuiwasha na kuizima) inabeba volti 5 tu, kwa hiyo saketi ya kuisukuma inabaki ya volti ndogo. Nimeichora kwenye Xschem (programu ya kuchora saketi), na ngspice (programu ya kuiga saketi) imekubali.

Mkuu uliyenielekeza huko, ahsante sana. Anayetaka zaidi ya volti 20, hii haitamfaa.