Supu ya kombe: tupeane uzoefu, popote ulipoionja

Mtoto wa Fumba
Asalaam alaykum ndugu zangu. Hapa Boston nimeandaliwa bakuli la ile supu yao nzito, nyeupe kwa maziwa na krimu, yenye viazi, vitunguu na kombe, wale wa pwani wenye maganda mawili, waliokatwakatwa, na vibiskuti vya chumvi vikielea juu. Nikawakumbuka mama zetu wa Fumba na Bweleo kule Unguja, wanaoshuka pwani wakati wa bamvua na kuinama wakichokoa mchanga mpaka maji yaanze kujaa. Kwetu kombe hupikwa kwa tui, manjano na pilipili, ndimu ikakamuliwa mwishoni. Nyinyi mlioishi mbali, mmekutana na supu gani ya kombe, na mliionja wapi?

Binti Kisiwani
Nakuunga mkono kuhusu tui. Kombe na maziwa ya ng'ombe kwangu havipatani kabisa.

Shemeji wa Rhode Island
Ndugu mwenye mada, uliuliza supu hiyo imeungwa kwa mafuta gani? Mapishi ya kale ya New England, yaani eneo hilo la Boston na majirani zake, huanza kwa kuyeyusha nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, wapo wanaotumia bekoni hadi leo, na mhudumu hatakwambia usipomuuliza. Huku kwetu ipo isiyo na maziwa wala nyanya, yenye maji yake ya kombe tu, viazi na vitunguu, lakini nayo ina hatari hiyohiyo ya nguruwe. Mimi huipika nyumbani kwa siagi na kuimaliza kwa pilipili manga.

Mtoto wa Fumba
Niliuliza kabla sijavuta kiti, shemeji. Ilikuwa ya siagi.

Mzee wa New York
Mbona mnatupita sisi wa nyanya? Supu ya Manhattan ni nyekundu, nyepesi, na mtu wa pwani anaielewa kuliko huo uji wa maziwa. Chuki dhidi yake ni ya zamani, kwani mwaka 1939 mbunge mmoja wa jimbo la Maine alipeleka muswada wa kupiga marufuku kutia nyanya katika supu ya kombe.

Shemeji wa Rhode Island
Mbunge huyo alikuwa na busara. Huo wenu ni mchuzi wa tambi uliopitiwa na kombe kwa bahati mbaya.

Mzee wa New York
Shemeji, heshima kwanza. Maziwa yenu yakichemka kidogo tu yanakatika, nanyi mnayanywa hivyohivyo na kuyasifu.

Msafiri wa Maine
Mabwana, mmenikumbusha siku ambayo sipendi kuikumbuka. Wakati wa kiangazi nilikuwa mgeni wa rafiki yangu karibu na pwani ya Maine, naye alijichimbia kombe ufukweni bila kuangalia kama eneo lile lilikuwa limefungwa na mamlaka. Akapika supu safi ya maziwa, akala alasiri, na mimi nikamwambia aniwekee bakuli langu, kwa sababu nilikuwa na funga yangu ya Alhamisi na huko jua la kiangazi huchelewa sana kutua. Haikupita saa moja akaanza kujipapasa midomo, akisema imekufa ganzi, kisha vidole, kisha akaniambia anajiona kama anaelea. Aliposimama, miguu ilimkataa. Nilipiga simu ya dharura huku maneno yake yakizidi kuwa mazito mdomoni, na hospitalini wakamweka kwenye mashine ya kupumulia, kwa sababu sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili wenyewe uitoe. Daktari alitueleza kwamba vijimea vidogo vya baharini huongezeka katika kile wanachokiita wimbi jekundu, kombe huchuja maji na kuikusanya sumu yao mwilini, na kuchemsha hakuivunji. Kombe mwenyewe haumwi, hanuki wala habadiliki ladha. Rafiki yangu alipona, alhamdulillahi, lakini bakuli langu nililikuta mezani limefunikwa sahani, kama alivyoniwekea.

Binti Kisiwani
Subhanallah. Funga ilikuokoa.

Fundi Sufuria
Poleni sana. Bibi yangu alitufundisha kutia sarafu ya fedha sufuriani, ikiwa nyeusi mnamwaga.

Mkaazi wa Osaka
Fundi, tafadhali usimpoteze mtu. Sarafu haijui sumu hiyo, na kinga pekee ni kununua kwa muuzaji anayekaguliwa na kutochimba mahali palipofungwa. Huku Japani kombe wadogo hutiwa katika supu ya kila siku ya miso, yaani soya iliyochachushwa, na ile sikukuu ya mabinti ya tarehe 3 Machi ina supu yake ya kombe wakubwa, isiyo na rangi, kwa kuwa maganda mawili ya kombe mmoja hayaoani na ya mwingine yeyote, nao huifanya dua ya ndoa njema. Kabla ya kupika huwaloweka katika maji ya chumvi kiasi cha gramu 30 kwa lita, gizani, kwa saa kadhaa, ili wateme mchanga. Wafunike kwa gazeti, maana hurusha maji mpaka ukutani.

Fundi Sufuria
Na asiyefunguka akiiva anatupwa au hatupwi?

Shemeji wa Rhode Island
Anatupwa.

Mzee wa New York
Unamfungua kwa kisu, ukiona yuko sawa unakula. Wa kutupwa ni yule aliyeachama akiwa mbichi, na ukimgonga hajifungi.

Mpangaji wa Muscat
Mimi naishi nyumba moja na Wafilipino, nao huchemsha kombe kwa tangawizi nyingi na vitunguu, wakitia majani ya mlonge dakika ya mwisho. Haina maziwa wala nyanya, kwa hiyo ugomvi wenu hautuhusu.

Binti Kisiwani
Mlonge huo ughaibuni mtu anaupata wapi?

Mkaazi wa Osaka
Tafuta maduka ya Wafilipino, sehemu ya vyakula vilivyogandishwa. Ukikosa, tia mchicha.