Binti wa Ngamiani kaimba ya kwao bila fumbo: ni ukweli au kukosa haya?

Mleta mada: Habari za jioni wadau. Kuna albamu ya kwanza ya binti mmoja wa huku kwetu Ngamiani, Tanga, nyimbo tisa, katunga mwenyewe na gitaa anapiga mwenyewe. Watu wamegawanyika. Wimbo wa nne anamwimba baba yake, aliyeondoka asubuhi na begi moja akaiacha redio inaongea. Humo hamna ua wala njiwa. Anasema baba, anataja siku, anataja mpaka deni la dukani. Mwisho wa ubeti wa tatu sauti inamkauka, anameza mate, unasikia kabisa, halafu anaendelea. Studio wangeweza kukata pale, wakapaacha. Mimi nimeupenda kuliko yote. Nyie mnaonaje, au kamwaga mtama penye kuku wengi?

Mzee wa Makorora: Kamwaga. Tanga hii ndiyo ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na mwimbaji Shakila kapita humo. Mwanamke akiwa na lake alilisema kwa kanga, au aliingoja taarabu. Ubeti wake ukifika anainuka kwenda kutunza, na mhusika anajua kasemwa. Sisi wengine tunacheza tu. Hakuna aliyevuliwa nguo.

Binti Pangani: Shikamoo mzee. Ila Shaaban Robert naye ni wa Tanga hii hii, kazaliwa Vibambani 1909. Mkewe alipofariki alimlilia kwa shairi na kumwita kwa jina lake, Amina. Hakufumba. Mbona mwanamume akilia ni mshairi, binti akilia hana haya?

Mzee wa Makorora: Marahaba mwanangu. Amina alikuwa amekufa, na alisifiwa. Huyu baba yu hai, anakwenda msikitini na watu wanampa mkono. Kumlilia mtu si kumshitaki.

Fundi Spika: Wimbo wa saba gitaa halijatuniwa vizuri, nyuzi mbili za chini zimelegea. Hilo hamlioni, mnagombania baba wa watu.

Mleta mada: Fundi, la saba nakubali, linakera.

Mzee, hapo umenibana kweli. Lakini fumbo lataka watu wanaojuana. Ukumbini Tanga kila mtu anajua nani kagombana na nani, ndiyo maana neno moja linatosha. Siku hizi wimbo unasikilizwa Mwanza kwenye simu, na wa Mwanza hamjui jirani yako. Ukimfumbia, yeye anasikia njiwa tu. Halafu usikilize tena: hamtukani baba yake. Anachouliza ni kama redio ile aliisahau, au aliiacha ikiongea ili wasisikie mlango. Hiyo ni mashitaka?

Ninapokubali kosa ni kwenye deni la dukani. Lile ni la mama, na mama ndiye anayepita mbele ya duka kila siku. Pale angeomba ruhusa kwanza.

Binti Pangani: Una hakika gani kwamba hakuomba?

Muuza Vocha: Mama yake ni mteja wangu. Juzi kaja na kisimu chake cha vitufe na memori kadi, kataka nimtilie nyimbo za mwanawe. Nikamuuliza, zote? Akasema zote, ila ya nne niiweke mwisho.