Ushauri: motoka ya umeme inatetemeka nikikanyaga, tangu ilipoinuliwa (Lubumbashi)

Mkaaji_wa_Golf

Jambo bandugu. Naomba ushauri wa wanaozijua motoka za umeme, maana hapa Lushi kila garaji ina jibu lake.

Ni hatchback ya Kijapani ya 2018, bateri ya kWh 40, moteri moja mbele, kilomita 62,000. Pine ni 205/55R16, jante (rimu) si zile ilizotoka nazo kiwandani. Ilipita Dar es Salaam, ikaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Ilipofika iliinuliwa milimita 40 mbele na nyuma kwa rondela nene juu ya amortiseri (shokabsoba), kwa sababu ya mashimo na maji ya mvua.

Shida ni hizi. Nikikanyaga kati ya 40 na 70 km/h, hasa nikipanda, sakafu na kiti vinatetemeka, lakini volani (usukani) imetulia. Nikilegeza mguu kidogo, kunatulia. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, nikifika 95, volani nayo inacheza mikononi. Nikitoka R (kurudi nyuma) kwenda D (kwenda mbele) kuna "tak" moja mbele. Na kwenye matuta inapiga kavu kama mkokoteni.

Ekilibraji (kusawazisha uzito wa magurudumu) imefanywa mara mbili, amortiseri za mbele ni mpya. Garaji moja imesema moteri imekufa, ibadilishwe nzima. Nianzie wapi?

Kardani_Kampemba

Ndugu, moteri usiiguse. Moteri ya umeme ina rotori moja (sehemu inayozunguka) na rulema (beringi) mbili. Ikiharibika kwa kawaida italia, itavuma, au itawasha taa kwenye dashibodi. Haitatikisa sakafu kwenye 55 halafu inyamaze ukilegeza mguu.

Hizo shida usizifanye moja. Naona angalau mbili ambazo hazihusiani, na ndiyo maana ekilibraji haikusaidia kitu kwenye ile ya kwanza.

Fanya jaribio hili kabla ya kulipa fundi yeyote. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na mtu nyuma yako. Fika kwenye mwendo unaotetemesha, kisha weka N (nyutro), motoka ibaki imewaka. Freni na volani vitaendelea kufanya kazi. Tetemeko likikatika palepale, chanzo kiko kwenye njia ya nguvu: kardani (shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu), sipoti za moteri (mipira inayoishikilia) au redikteri (giaboksi inayopunguza mizunguko ya moteri). Likibaki, tafuta kwenye pine, jante, rulema za magurudumu na disiki.

Sababu ya kusisitiza N ni hii. Kwenye motoka ya petroli, fundi akiondoa mguu anajua kardani imepumzika karibu yote. Kwenye ya umeme, ukiondoa mguu moteri inageuka jenereta na kuanza kurudisha umeme kwenye bateri. Kardani bado inabeba nguvu, ila upande wa pili. Mafundi wengi wazuri wanapotezwa na jambo hili: wanaondoa mguu, tetemeko linabaki, wanasema "basi ni pine".

Herzi_na_Volti

Naongeza kipimo. Weka kwenye simu programu ya kupima mtetemo, ile inayoonyesha herzi (mitetemo kwa sekunde). Laza simu kwenye reli ya kiti, ibane vizuri, mwenzako asome. Mwendo uchukue kwenye GPS, si kwenye dashibodi, kwa kuwa dashibodi huzidisha kidogo.

Pine yako ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 1.95. Kwa 55 km/h unasafiri mita 15.3 kila sekunde, yaani mizunguko 7.8. Sasa soma hivi:

Mara moja kwa mzunguko, herzi 7.8: pine, jante, kitovu cha gurudumu.
Mara tatu kwa mzunguko, herzi 23.5: kiungo cha ndani cha kardani, tripodi. Ina galeti (viroli) tatu, kwa hiyo ikisumbua inasukuma mara tatu kila mzunguko.
Mara nane hivi, herzi 63: moteri yenyewe, maana redikteri yako inapunguza karibu mara 8. Hapo simu nyingi hazisomi vizuri, tumia sikio.

Tuletee namba mbili, ya 55 ukikanyaga na ya 95.

Fundi_Katuba

Hiyo ni kardani kavu. Piga grisi kwa sindano ndani ya sufle (mpira unaofunika kiungo cha kardani), itanyamaza. Kazi ya dakika kumi.

Kardani_Kampemba

Mzee, kwa heshima, hapana. Tundu la sindano kwenye sufle ni mlango wa vumbi letu jekundu, na vumbi hilo likichanganyika na grisi linasugua chuma kama msasa. Tena huwezi kujua umeweka grisi juu ya nini. Grisi ya tripodi si ile nyeusi ya kiungo cha nje, wala si ya njano ya rulema. Tumia mfuko unaokuja na sufle mpya, ambao kwa motoka za ukubwa huu mara nyingi una gramu 100 hadi 150, umwage wote, usizidishe. Sufle iliyojaa kupita kiasi inavimba na kupasuka.

Mkaaji_wa_Golf

Asanteni sana. Nimepima jana.

55 kwa GPS, nikikanyaga: kilele kwenye herzi 23 na nusu. Nikiweka N kinatoweka kabisa. Nikiondoa mguu bila N, kinarudi kidogo.

95: kilele kwenye 13.5. Nikiweka N kinabaki vilevile.

Herzi_na_Volti

Basi umejibiwa. 23.5 ni mara tatu ya mzunguko, na kinakufa kwenye N: tripodi ya ndani. 13.5 kwa mwendo wa 95 ni mara moja kwa mzunguko na hakijali N: gurudumu. Moteri haimo.

Kardani_Kampemba

Sasa tuseme kwa nini tripodi, maana ukibadilisha kardani na kuacha sababu, mpya nayo itakwenda njia hiyohiyo.

Sababu ni zile rondela. Moteri na redikteri vimefungwa kwenye bodi. Ukiinua bodi milimita 40, upande wa ndani wa kardani unapanda na upande wa gurudumu unabaki chini. Chukua kardani yenye milimita 400 kati ya viungo viwili: umeiongezea karibu digrii 6 juu ya zile iliyokuwa nazo. Tripodi inapenda kukaa karibu na mstari ulionyooka. Pembe ikikua, galeti haziviringiki vizuri ndani ya tulipu (kikombe cha chuma zinamotembea), zinaburuzika mbele na nyuma, na kila galeti inasukuma kardani kwa urefu wake. Nguvu ya kusukuma inakua pamoja na pembe na pamoja na torki (nguvu ya kuzungusha). Moteri ya umeme inatoa torki yake yote tangu mwendo wa chini kabisa, ndiyo maana unaiona ukikanyaga mlimani na huioni ukitembea taratibu. Kwenye motoka ya petroli moteri ingefunika tetemeko hilo. Kwenye hii hakuna cha kulificha.

Kwa hiyo anza kwa kutoa rondela za mbele, kisha pima tena. Kilele cha 23.5 kikitoweka, kardani zako ni nzima, umemaliza bila kununua chochote. Kikipungua tu, tulipu imeshalika.

Kuitoa kardani: legeza nati ya kitovu gurudumu likiwa bado chini, freni imeshikwa. Kriki iweke kwenye sehemu za pembeni za bodi zilizooneshwa kwenye kitabu, kamwe si chini ya sanduku la bateri. Weka shandeli (stendi za kushikilia motoka) mbili. Zima motoka, peleka ufunguo mbali nayo, ondoa waya wa bateri ndogo ya volti 12. Kazi hii haikulazimishi kugusa kebo za rangi ya machungwa. Siku utakayozigusa, kwa mfano ukibadilisha sipoti ya moteri, ondoa kwanza kifungo cha huduma cha bateri kubwa na usubiri angalau dakika 10. Toa mafuta ya redikteri, achanisha rotili (kiungo cha mpira wa chuma) ya chini, funga etriye (kishikio cha freni) kwa waya isining'inie kwenye hozi yake. Kisha sukuma kardani itoke kwa mtaimbo, ukiilinda spi (sili ya mafuta).

Fungua sufle ya ndani, futa grisi yote kwa kitambaa, si petroli. Pitisha ukucha kwenye njia za tulipu ambamo galeti hutembea. Chuma kizima kinang'aa sawasawa na ukucha unateleza. Kilicholika kina kovu fupi, kama kijiko kimebonyeza hapo, na ukucha unakwama ukingoni mwake. Hakuna grisi itakayojaza kovu hilo.

Fundi_Katuba

Nimekubali kuhusu sindano. Lakini kuna ujanja tunaofanya kwenye petroli: kuhamisha tulipu za kushoto na kulia ili upande usiolika ndio ubebe kazi. Hapa haufai?

Kardani_Kampemba

Swali zuri, mzee. Kwenye petroli unafaa zikilingana, kwa kuwa upande wa pili wa njia karibu haujafanya kazi. Kwenye ya umeme, kila anapopunguza mwendo jenereta inasukuma upande ule wa pili. Mara nyingi utakuta pande zote mbili zimelika, mmoja zaidi ya mwingine. Utapata nafuu fupi tu.

Pine_Ruashi

Mimi nijibu la 95. Vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

Tope. Geuza jante, tazama ndani. Tope la mvua likikauka kwenye mzunguko wa ndani linaharibu ekilibraji yoyote. Ondoa kwa mbao na maji.

Tundu la kati. Umesema jante si za asili. Pima kitovu cha motoka na tundu la jante kwa kalipa. Kitovu cha milimita 66.1 kwenye jante ya 73.1 kinahitaji pete ya kati ya 73.1 kwa 66.1. Bila pete, bulo (bolti) peke yake ndizo zinatafuta katikati, na zinakosea kidogo kila mara unapofunga. Mashine ya ekilibraji haioni kosa hili, maana inashika jante kwa koni yake yenyewe. Kabla ya kufunga, sugua kutu kwenye uso wa kitovu, kisha kaza kwa nyota, si kwa kuzunguka, kwa kle (spana) ya torki.

Mwisho, pine zenyewe. Motoka iliyokaa muda mrefu bandarini inaweza kuwa na sehemu bapa kwenye pine. Tembea kilomita 20 zipate joto, kisha pima. Bapa ya kawaida inapungua zikipata joto. Isipopungua, hamisha za mbele nyuma: volani ikitulia na kiti kikaanza, ni pine.

Angalia pia namba ya mzigo. Motoka hii ina kilo 1,500 na zaidi kabla hujapanda. 91 inabeba kilo 615 kwa pine moja, 94 inabeba 670. Ningechukua 94.

Mkaaji_wa_Golf

Rondela za mbele zimetoka. Kilele cha 23.5 kimeshuka sana lakini hakijaisha. Tumefungua: tulipu ya kushoto ina kovu, ukucha unakwama. Ya kulia ni laini. Jante ni 73.1, kitovu 66.1, pete hakuna hata moja. Nimeagiza kardani ya kushoto na pete nne.

Sasa naogopa mashimo. Bila rondela nitapitaje? Na ule mpigo mkavu bado upo.

Kardani_Kampemba

Inua kwa pine, si kwa rondela. 205/60R16 ina kipenyo cha milimita 652, ya sasa ina 632. Motoka yote inapanda milimita 10, moteri na magurudumu pamoja, kardani haijui kitu. Dashibodi ikionyesha namba ileile, mwendo halisi utazidi wa sasa kwa asilimia 3 hivi. Ukuta wa pine ukiwa mrefu unapunguza pia ule ukavu. Kabla ya kulipa, zungusha volani mpaka mwisho pande zote uone haigusi amortiseri wala tope-bavu (madigadi). Ukitaka rondela mbele kwa lazima, usipite milimita 15.

Mpigo mkavu nadhani ni siliboloki (bushi za mpira). Walipoinua, walifunga bulo za mikono ya chini (vyuma vinavyoshika magurudumu) magurudumu yakining'inia, au hawakuzilegeza kabisa. Mpira wa siliboloki umeshikwa pande zote, haupaswi kuzunguka, unajipinda tu. Ukikazwa mahali pasipo pake unakaa umepindwa saa zote, unakuwa mgumu na unapasuka mapema. Peleka motoka juu ya shimo la garaji, ikisimama kwenye magurudumu yake. Legeza bulo za ndani za mikono ya mbele na zile za ekseli ya nyuma, kandamiza bodi mara tano sita mpaka itulie kwenye urefu wake, ndipo ukaze kwa torki ya kitabu. Nyuma kama bado kuna rondela, zitoe kwanza. Paralelismu (kunyoosha magurudumu) ifuate baada ya hapo, si kabla.

Mkaaji_wa_Golf

Na ile "tak" ya R kwenda D?

Herzi_na_Volti

Jaribu sipoti kwanza: kapoti wazi, mtu ashike freni imara, asogeze R, D, R bila kukanyaga. Moteri ikiruka, mpira wa sipoti umekatika. Ikisogea kidogo tu na mlio ukatoka kwenye gurudumu, ni kaneluri (meno) za kardani zinazoingia kwenye kitovu, zimekauka. Torki inapogeuka, meno yanahama upande mmoja kwenda mwingine na kugonga.

Utakapofunga kardani mpya, safisha kaneluri za pande zote mbili kwa brashi ya waya, paka tabaka jembamba la pasta ya molibdeni, upande wa kulia pia. Weka nati mpya ya kitovu, usirudishe ya zamani, na usiikaze kwa bomba refu ukikisia. Jaza redikteri mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, mpaka yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia. Magurudumu yakiwa bado juu usijaribu kukanyaga: mikono inaning'inia, pembe ya kardani iko kwenye mwisho wake, na gurudumu moja likishikwa jingine linazunguka maradufu. Shusha kwanza, tembea, kisha kaza tena bulo za magurudumu baada ya kilomita 50.